Neno "Barabara" na Matumizi Yake Mpakani



Usiku mmoja nikiwa zamu, mtu alipiga simu kituoni akasema: "Afande, majeruhi yuko njiani." Nilimshukuru, nikaandaa mapokezi, nikangoja. Kumbe majeruhi hakuwa akiletwa. Alikuwa amelala katikati ya barabara. Mpiga simu hakukosea Kiswahili, kwani "njiani" hutaja mahali na pia safari. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza. Laiti tungelitumia neno "barabarani", tungeliondoka mara moja.

Barabara ni njia pana iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, iwe ya lami au ya changarawe. Kila barabara ni njia, lakini si kila njia ni barabara. Kijia cha kwendea kisimani ni njia, na ile iitwayo njia ya panya ni njia pia, ingawa sijapata kuona panya aliyebeba gunia la sukari. Wingi wake ni "barabara" vilevile. "Mabarabara" husikika sana huku kwetu, ila si sanifu.

Neno hili lina pacha wake, lenye maana ya "sawasawa". Hutofautishwa kwa mkazo: njia ya magari ni baraBAra, na sawasawa ni baRAbara. Dereva asemaye breki zake ziko barabara anazisifu. Katika maandishi mkazo hauonekani, kwa hiyo anayeandika maelezo ya ajali ni heri aandike "sawasawa".

Jambo zito zaidi kwetu ni upande. Uganda magari hupita kushoto, Kongo hupita kulia. Anayevuka barabara Mpondwe hutazama kulia kwanza, kwa kuwa gari la karibu hutokea huko. Akifika Kasindi, mwendo mfupi tu, hana budi kutazama kushoto kwanza. Walio Katuna na Gatuna wana hali hiyohiyo, kwani Rwanda nako magari hupita kulia. Ndiyo maana maneno "kando ya barabara, upande wa kulia" hayatufikishi popote. Semeni: "kulia, ukitoka Bwera kwenda Kasese."

Na afande akipokea simu yako, mwambie pia kama majeruhi amelala hapo au yumo garini analetwa. Asipouliza, mwambie vivyo hivyo.