Mbele ya Kung'oa Jino

Ndugu, kama uko na ugonjwa wa sukari ao tensio, soma hii mbele ya kuenda kwa munganga wa meno.

Hapa Kolwezi, mtu akisikia neno operasio anakaa njaa tangu usiku. Lakini kukaa njaa ni kwa yule atakayelazwa usingizi. Jino kwa kawaida linang'olewa kwa sindano ya ufizi tu. Sasa mwenye sukari akijichoma insulini asubuhi bila kula bukari wala uji, sukari inashuka: anatetemeka, anatoka jasho, anazimia. Inaweza kumuua. Basi kula kama siku zote, uje mapema, ubebe na maji ya sukari.

Dawa ya tensio umeze kama kawaida. Ikipimwa 180 juu ya 110, munganga anaweza kukurudisha nyumbani kwanza. Usikasirike.

Aspirini pia usiiache mwenyewe, umwambie tu. Mwenye anemi SS, ao aliyepasuliwa moyo, aseme, hata hakuulizwa. Leta dawa zote unazomeza, hata za mizizi, hakuna atakayekucheka.

Jino likitoka, uma kitambaa safi watakachokupa dakika 30. Kusukutua ni kesho.