Somo: Mjusi wa Udongo

Ninyi wakulima wa Katanga, mnapolima mihogo au kuvunja kichuguu, mara nyingine mnaona kitu kidogo chenye kung'aa, kinajipinda-pinda katika udongo. Mara watu hulia, "Nyoka!" nao humkata kwa jembe. Ngojeni kwanza, mtazameni vizuri.

UMBO LAKE. Mwili wake ni mrefu na mviringo kama kidole. Mara nyingi hauzidi sentimeta 20 pamoja na mkia. Magamba yake ni laini sana. Mgongo ni wa rangi ya majivu au kahawia, wenye madoa madogo meusi. Tumbo ni jeupe. Shingo haionekani, na mkia ni mnene. Tena ana miguu 4 mifupi sana, kila mguu una vidole 5. Basi, si nyoka, ni mjusi. Wenye elimu humwita Mochlus sundevallii.

DESTURI ZAKE. Hukaa katika udongo mwepesi, chini ya magogo na majani makavu, na ndani ya vichuguu. Husukuma udongo kwa kichwa, akijipinda. Hula mchwa na wadudu wengine. Mvua ikinyesha, pengine hutoka juu. Jike hutaga mayai machache udongoni. Adui akimshika mkia, mkia hukatika naye hukimbia. Baadaye mkia mwingine huota.

FAIDA YAKE. Hana sumu. Hali muhogo wala mahindi, hula wadudu wa shamba. Ukimwua, umemwua mfanyakazi asiyedai mshahara.

ANGALIENI. Katika udongo huo huo yuko pia nyoka mdogo mweusi, Atractaspis. Yeye hana miguu, wala hawezi kufumba macho. Hata ukimshika nyuma ya kichwa, hutoa jino kando ya kinywa akakuchoma, na sumu yake huleta uchungu na uvimbe mkubwa. Kwa hiyo msishike kwa mkono mnyama yeyote wa udongoni. Simameni mbali kidogo, mtazame miguu. Mkiona miguu, mwacheni aende zake. Msipoiona, ondokeni, mwaite na watoto watoke. Mtu akichomwa, msimchanje. Mpelekeni hospitali upesi.

MAULIZO
1. Mjusi wa udongo ana miguu mingapi?
2. Anakula nini shambani?
3. Kwa sababu gani tusimshike nyoka wa udongoni hata nyuma ya kichwa?