KUOKA MBOGA ZA KWETU BILA TANURI

Wengi wetu hapa Kisii na Nyamira tukisikia neno "kuoka" tunafikiria keki na tanuri la umeme. Tena siku hizi kuna vijana wanaodharau chinsaga na rinagu, ati ni chungu. Usiache mbachao kwa msala upitao! Nawaletea njia rahisi ya kuoka mboga hizo, hata ndugu zetu wadogo wazile bila kusukumwa.

Kwanza tujue majina. Chinsaga kwa Kiswahili ni mgagani, rinagu ni mnavu, na enderema ni nderema. Pia tusichanganye vitenzi: kutokosa ni kuchemsha kwa maji bila kuunga, kubanika ni kuchoma kwa mbano au kijiti juu ya makaa, na kuoka ni kuivisha kwa joto linalozunguka chakula.

Mahitaji (watu watano)
Ndizi mbichi za kupika 10, fungu la mgagani, fungu la mnavu, vitunguu 2, nyanya 3, mayai 3, maziwa kikombe 1, mafuta vijiko 3 na chumvi kiasi.

Namna ya kutayarisha
1. Jipake mafuta mikononi ili utomvu usikugande. Menya ndizi, zitokose hadi zilainike, kisha uziponde.
2. Chambua mboga. Kwenye mnavu, ondoa vitunda vyote vya kijani kwa kuwa vina sumu. Chemsha mboga hadi zilainike, umwage maji machungu.
3. Kaanga vitunguu na nyanya, tia mboga na nusu ya maziwa. Acha yakaukie. Maziwa ndiyo yapunguzayo uchungu, na wazee wetu walilijua hilo zamani.
4. Piga mayai pamoja na maziwa yaliyobaki na chumvi, uchanganye na ndizi.
5. Paka sufuria ndogo mafuta. Panga ndizi, kisha mboga, kisha ndizi tena.
6. Weka mawe matatu madogo ndani ya sufuria kubwa, uketishe ile ndogo juu yake. Funika kubwa kwa bati au mfuniko bapa. Weka makaa machache chini na mengi juu.
7. Ngoja kama dakika 40. Chomeka kisu katikati. Kikitoka kikavu, chakula tayari.

Kuweka makaa hivyo juu ya chakula huitwa kupalia. Ndipo tukapata msemo "kujipalia makaa", yaani kujiletea taabu. Na taabu ya kweli ipo: jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mimi huokea nje, au jikoni nikiwa nimefungua mlango na madirisha. Hapo si mchezo.

Faida
Mboga hizi zina madini ya chuma na viini vya vitamini A. Mafuta husaidia mwili kufyonza vitamini hiyo, nayo nyanya husaidia kufyonza chuma. Yote hayo yatoka shambani kwetu.

Zoezi
Tunga sentensi ukitumia: kutokosa, kubanika, kuoka, kujipalia makaa. Kisha likizo ikifika, mpumzishe mama, wewe uingie jikoni. Wavulana pia!