SOMO LETU: Injini Ikitolewa, Gari Hubadilika

Vikundi vingine vinauliza kama pikapu kuukuu inaweza kugeuzwa itumie umeme. Ndiyo, inawezekana. Jijini Nairobi, kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, imewahi kugeuza hata Land Cruiser za watalii. Lakini kabla hatujatoa pesa za kikundi, tujue mambo manne.

1. Uzito. Betri ni nzito. Gari likiongezeka kilo 180, hayo ni magunia mawili ya mahindi ambayo halitabeba tena, kwa maana uzito ulioruhusiwa haubadiliki. Springi nazo zikaguliwe.

2. Mahali pa betri. Zikae chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Zikirundikwa nyuma kabisa, mbele huwa kwepesi na stelingi haishiki vizuri. Zikiwekwa juu, gari huyumba kwenye kona.

3. Breki. Injini ndiyo husaidia mguu kukanyaga breki, na mara nyingi ndiyo huzungusha pampu ya stelingi. Ikitolewa bila kuweka pampu za umeme, breki huwa ngumu sana. Hapo watu wanaweza kufa.

4. Dereva. Mota huvuta kwa nguvu mara tu gari linapoondoka. Kwenye matope akanyage polepole, ama magurudumu yatateleza.

Tujadiliane:
- Fundi ametuonyesha betri zitakaa wapi?
- Gari litapimwa kwenye mizani?
- Nani atajaribu breki likiwa na mzigo, kabla halijabeba watoto wetu?