Dondoo muhimu: Kupima chakula unachokihesabu

Tumia mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, maana kwa wali na ugali macho hudanganya sana. Weka sahani tupu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha pakua.

Andika kama umepima kibichi au kilichoiva. Wengi hukosea hapa: gramu 100 za mchele mkavu zina kalori 360 hivi, lakini gramu 100 za wali zina kama 130 tu, kwa sababu ya maji.

Ugali una hesabu yake. Pima unga wote, pamoja na ule unaoongeza wakati wa kusonga. Tuseme gramu 500. Ugali ukiiva, upime mzima. Ukifika gramu 1,500, kipande chako cha gramu 300 kimebeba unga wa gramu 100.

Mafuta usiyamimine kutoka kwenye chupa. Kijiko kikubwa cha kupimia, mililita 15, kina kalori 120 hivi, na mchuzi wa kuunga humeza vijiko vinne kwa urahisi. Vijiko vya kulia havilingani ukubwa, usivitegemee.

Samaki na nyama, pima mnofu bila mifupa. Sukari ya chai nayo iandikwe, kila kikombe.