Mtu Akiuawa Kijijini

Mtu wenu akiuawa, msioshe maiti wala kufagia pale alipouawa. Damu na nyayo ni ushahidi. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji, aite polisi. Daktari akisha kupima maiti, mtazika.

Chagueni ndugu mmoja wa kuonana na polisi. Aandike katika daftari namba ya kesi na jina la mpelelezi. Asiache kuuliza upelelezi umefika wapi.

Msilipize kisasi. Kesi huchukua muda. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, mkoa wa Iringa, mwaka 2012. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimfunga askari polisi mmoja miaka 15 kwa kumwua bila kukusudia.

Litunzeni daftari hilo.

Maswali
1. Kwa nini maiti isioshwe?
2. Ndugu aliyechaguliwa aandike nini?