TASNIFU YA SAYANSI: KUCHAGUA SWALI NA KULIANDIKIA

Mpenzi msomaji, najua utajiuliza, mtoto wa kidato cha tatu ana nini na tasnifu ya shahada ya uzamili? Wengi wetu hapa Mbaraki twasema tutasomea sayansi, lakini ukimuuliza mtu atatafiti nini, kimya! Basi na tuanze kujifunza sasa. Mfano tunao karibu.

1. Kuchagua swali

Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya kusini, mwendo wa kilomita 50 hivi, wafika Gazi. Miaka ya 1970 mikoko ya huko ilikatwa sana ikawa kuni za viwandani. Miaka ikapita na sehemu nyingine zikabaki tupu. James Kairo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akalifanya jambo hilo kuwa utafiti wake: kupanda mikoko kwa mkono, na kuvuna msitu bila kuumaliza. Tasnifu yake ni ya mwaka 1995.

Tazameni, hakusema atachunguza "mazingira ya Kenya". Alishika ghuba moja. Swali zuri lina faida kwa watu, lapimika, na lamalizika kwa muda na pesa ulizo nazo.

Kwangu mimi swali hilo si la vitabuni tu. Baba ni fundi wa nyumba za Mji wa Kale, ambako dari hushikwa na boriti za mikoko. Boriti ikioza yatakiwa nyingine. Mikoko ikiisha, baba atafanya kazi gani? Na ikikatwa ovyo, samaki watazaa wapi?

2. Kuandika

Utangulizi hueleza tatizo. Mapitio huonyesha wengine wameandika nini, usije ukarudia kazi iliyokwisha. Mbinu ni kama mapishi: umepanda mkoko, mchu au mkandaa, umeacha nafasi gani kati ya mche na mche, umepima lini. Mwenzako akifuata aweze kurudia. Halafu huja matokeo na mjadala, na hapa wengi huchanganya. Miche mingapi imekufa, hayo ni matokeo. Kwa nini imekufa, huo ni mjadala. Iliyokufa nayo iandikwe, usifiche! Na uandike siku ile ile, palepale matopeni, kwani maji yakijaa hayamngoji mtu.

3. Faida yake

Mikoko iliyopandwa Gazi mwaka 1994 ilipopimwa baada ya miaka 12, kimo chake cha wastani kilipita mita 8. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao kwao wanakijiji wa Gazi na Makongeni hulipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu wao. Ni kazi ya watu wengi, lakini ilihitaji mtu wa kuuliza na kupima.

Wenzangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kila mmoja wenu na aandike swali moja la mtaani kwake, alete chamani.